Vitabu Visivyo na Mtihani: Maneno kwa Wasomaji wa Kisumu

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, na nanyi vijana mliopanda matatu alfajiri kutoka Ahero, Maseno, Luanda na hata Siaya ili mfike katika ukumbi huu wa maktaba hapa Kisumu, nawasalimu nyote kwa heshima.

Mmenipa kazi ya kupendekeza vitabu vya aina mbalimbali vilivyochapishwa karibuni, na kabla sijataja hata kimoja, naomba mniruhusu nieleze kwa nini niliikubali kazi hii kwa moyo wote. Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari za eneo hili kwa miaka 31. Kila mwaka, siku karatasi ya fasihi ilipofanywa, niliona jambo lilelile: watahiniwa walitoka chumbani, na kabla jua halijatua vitabu teule vilikuwa vimeuzwa kwa wanafunzi wa kidato cha tatu, vikiwa na maelezo ya kalamu pembeni mwa kila ukurasa. Miaka michache iliyopita nilikutana sokoni Kibuye na mmoja wa wanafunzi hodari zaidi niliowahi kuwa nao darasani, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu na muuzaji wa omena. Nikamwuliza siku hizi anasoma nini. Akanijibu kwa adabu, bila kusita: "Mwalimu, mimi nilishamaliza kusoma."

Hakusema kwamba ameacha. Alisema amemaliza, kama mtu amalizavyo dozi. Nilirudi nyumbani nikitafakari jinsi sisi walimu tulivyomfikisha pale, kwa sababu tulimfunza kuwa kitabu ni kitu cha kuulizwa maswali, na maswali yakiisha, kitabu nacho kimeisha. Kwa hiyo vitabu nitakavyovitaja leo nimevichagua kwa sharti kwamba viwe vimetoka mwaka wa 2020 au baadaye, na kwamba hapana mtu atakayekuja kutuuliza dhamira, wahusika na mbinu za lugha zilizomo. Sharti la mwaka nitalivunja mara mbili tu, na nitawaambia nikifika hapo.

Naanza na Peponi, na hapa nitakaa kwa muda.

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka wa 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana baada ya mapinduzi, na mwaka wa 2021 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake iitwayo Paradise ilitoka kwa Kiingereza mwaka wa 1994. Miaka 28 baadaye, yaani 2022, shirika la uchapishaji la Mkuki na Nyota la Dar es Salaam lilitutolea tafsiri yake ya Kiswahili, ndiyo hii Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha London. Wengi wetu tulilisikia jina la Gurnah kwa mara ya kwanza redioni siku ile ya tuzo, tukashangilia, kisha tukagundua kuwa hatuwezi kumsoma kwa lugha aliyokua akiisema. Sasa tunaweza.

Kisa chenyewe kinaanza na mvulana wa miaka 12 aitwaye Yusuf, ambaye baba yake ana hoteli ndogo inayoendelea kudorora. Mara kwa mara hufika tajiri mmoja mwenye manukato, anayeitwa ami Aziz, na kila anapoondoka humwachia Yusuf sarafu. Siku moja mvulana anaambiwa kwamba atasafiri na ami. Anafurahi, kwa maana hajawahi kupanda gari la moshi. Ni baadaye, dukani kwa tajiri huyo, ndipo mwenzake Khalil anapomweleza kwamba yule si ami yake hata kidogo, na kwamba yeye Yusuf amewekwa rehani kwa deni la baba yake.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikakaa kimya. Ni nani kati yetu asiyemjua msichana aliyeletwa mjini kutoka kijijini, akaambiwa kuwa anakwenda kukaa kwa shangazi na kusomeshwa, kumbe nyumbani kuna deni na shangazi si shangazi? Gurnah haandiki kuhusu wakati wetu, anaandika kuhusu miaka ya kuelekea vita vya kwanza vya dunia, wakati Wajerumani wakiingia na misafara ya wafanyabiashara wa pwani ikielekea ukingoni. Hata hivyo neno rehani halijazeeka.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nikiweke kitabu hiki mbele ya vyote hapa Magharibi. Misafara inayosimuliwa humo, ya wapagazi, vitambaa na pembe za ndovu, haikuishia bara la Tanganyika. Mingine ilifika Mumias, kwa Nabongo, mfalme wa Wawanga, na Uislamu mnaouona Mumias hadi leo ulikuja na wafanyabiashara wa namna hiyo. Kwa hiyo sisi wa huku tumezoea kuisikia hadithi hiyo upande wa wenyeji waliopokea wageni, na Peponi inatupa upande wa waliokuwa njiani, wenye njaa, homa na hofu, wasiojua mtemi wa mbele atawapokea au atawanyang'anya. Sura za safari, hasa kule kwa mtemi Chatu, ndizo nilizozirudia mara tatu. Ninawaonya tu kwamba Kiswahili chake ni cha pwani, na yapo maneno yatakayowalazimu kufungua kamusi. Mimi mwenyewe nilisoma kamusi ikiwa pajani, na kila neno geni nililolipata nililihesabu kuwa faida.

Atakayempenda Gurnah anaweza kuendelea na Theft, iliyotoka mwaka wa 2025 kwa Kiingereza, yenye vijana watatu wa Tanzania, Karim, Fauzia na Badar, na tuhuma ya wizi inayomfuata Badar, ambaye ni mtumishi wa nyumbani. Ni kitabu kitulivu zaidi. Wanaopenda visa vyenye kishindo huenda wakakiona kinatambaa, lakini wenye subira watalipwa.

Kitabu cha pili ambacho sitakipita haraka kinatoka mbali na hapa. Kinaitwa James, kimeandikwa na Mmarekani Percival Everett, kikatoka mwaka wa 2024, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Pulitzer. Waliosoma Mark Twain wanamkumbuka Jim, mtumwa anayetoroka pamoja na mvulana Huck kwenye mto Mississippi. Katika kitabu cha Twain, Jim anasimuliwa na mtoto. Everett anamrudishia Jim mdomo wake mwenyewe, na jambo la kwanza tunalogundua ni kwamba yule mtu aliyeonekana kuwa mjinga wa lugha ni msomaji, anayejificha kwenye maktaba ya hakimu na kujadiliana kichwani mwake na wanafalsafa.

Mapema sana katika kitabu kuna somo la lugha. James amewakusanya watoto wa watumwa kibandani, anawafundisha namna ya kusema ovyo mbele ya wazungu. Anawauliza: ukiona moto jikoni kwa bibi mwenye nyumba, utasema nini? Mtoto anayetaka kutaja moto moja kwa moja anasahihishwa. Usiutaje. Piga ukelele, elekeza kidole, mwache bibi mwenyewe aseme kuwa ni moto, kwa maana wao ndio wanaotaka kuwa wa kwanza kujua.

Mimi ni mtoto wa Vihiga. Darasa la nne nilivalishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama yangu katika uwanja wa shule, na nilikaa nacho mpaka nilipomsikia mwenzangu akikosea nami nikamvalisha. Nimeishi muda mrefu nikiamini kuwa jambo lile lilinihusu mimi na shule ile tu. Niliposoma somo la James nilielewa kwamba lugha ya mtu inaweza kugeuzwa kuwa mahali pa kujificha, na kwamba anayekulazimisha usiseme vizuri ana kitu anachokiogopa. Kitabu hicho pia kina kipande cha penseli. James anataka kuandika maisha yake, kijana mmoja mtumwa anamwibia bwana wake penseli ili ampe, na kwa kipande hicho cha penseli kijana yule anauawa. Tangu hapo James anakibeba kipande hicho kila anakokwenda. Vijana mlio hapa, mnaoandika kwa simu, someni kurasa hizo polepole.

Niseme pia kwamba ni kitabu kikali. Kuna mauaji, kuna viboko, kuna ubakaji. Sikipendekezi kwa mtoto wa shule ya msingi.

Sasa niingie kwenye vitabu vya sayansi, ambavyo katika vyama vingi vya wasomaji huachwa mlangoni kana kwamba ni vya wataalamu peke yao. John Green alijulikana kwa riwaya za vijana, lakini mwaka wa 2025 alitoa kitabu kisicho cha kubuni kiitwacho Everything Is Tuberculosis, kuhusu kifua kikuu. Alikuwa ametembelea hospitali moja nchini Sierra Leone, akaongozwa huku na huku na mvulana mchangamfu aliyemdhania kuwa na miaka kama tisa, umri wa mwanawe. Kumbe alikuwa kijana wa miaka 17, mwili wake umedumazwa na ugonjwa. Kisa cha kijana huyo ndicho uti wa mgongo wa kitabu chote, na kuuzunguka mwandishi amepanga historia ya maradhi haya, tangu Robert Koch alipotangaza mnamo Machi 24, 1882 kwamba amekigundua kijidudu chake, hadi leo ambapo dawa zipo tangu katikati ya karne iliyopita na bado, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 1.25 walikufa kwa kifua kikuu mwaka wa 2023 pekee. Swali la Green ni moja: inakuwaje maradhi yanayotibika yaue watu wengi kiasi hicho? Na jibu lake halimwachi kijidudu abebe lawama peke yake. Anaonyesha bei za vipimo, umbali wa zahanati, njaa, na aibu.

Nitaongeza la kwangu kuhusu aibu. Kaka yangu mkubwa alikohoa kwa miezi mingi, akakonda, na nyumbani ikasemwa kuwa amelogwa. Alipofikishwa hatimaye kwenye matibabu alipewa dawa za miezi sita. Mwezi wa pili alijisikia vizuri, akasema amemaliza. Tulimzika mwaka uliofuata. Kama kitabu kama hiki kingekuwa mikononi mwa mtu mmoja tu katika boma letu, mtu wa kumweleza kwa nini kijidudu kinachobaki baada ya miezi miwili ndicho kilicho sugu zaidi, sijui kama angepona, lakini angalau asingekufa akiaminiwa kuwa na adui kijijini. Ninyi wauguzi na wahudumu wa afya wa vijiji mliomo humu, nawasihi mkisome hiki kabla ya kingine chochote.

Kwa wakulima, na kwa yeyote aliyewahi kuokota uyoga baada ya mvua, kipo Entangled Life cha Merlin Sheldrake, kilichotoka mwaka wa 2020. Kinahusu fangasi, na kinaeleza jinsi nyuzi zao zinavyoshikana na mizizi ya zaidi ya asilimia 90 ya mimea ya nchi kavu, zikiipelekea maji na madini na kupewa sukari. Kinawataja hata mchwa wanaolima uyoga wao ndani ya kichuguu. Mama yangu aliijua obwoba, uyoga uotao kichuguuni, na alijua siku ya kuamka mapema kuiwahi. Hakujua kwamba chini ya miguu yake kulikuwa na shamba la mchwa. Ningependa sana kumsomea ukurasa ule.

Nawarudisha kwenye riwaya, na hapa nitapita kwa mwendo wa haraka kidogo kwa kuwa muda haunisubiri. Kutoka kwa jirani yetu Uganda, mwendo wa saa chache kutoka mpaka wa Busia, Jennifer Nansubuga Makumbi alitupa mwaka wa 2020 The First Woman, kisa cha msichana Kirabo anayelelewa na babu na nyanya yake wakati wa Idi Amin, na anayetaka kujua mama yake ni nani. Mabinti wenye umri wa miaka 16 kwenda mbele watajiona humo. Okwiri Oduor, Mkenya aliyeshinda Tuzo ya Caine mwaka wa 2014, alitoa Things They Lost mwaka wa 2022, kuhusu msichana Ayosa anayeishi karibu peke yake katika mji wa kubuni uitwao Mapeli, akimngoja mama anayekuja na kutoweka. Sentensi zake ni za mtu anayezipenda, kiasi kwamba kuna mahali nilihisi kisa kimesimama kuzitazama. Naye Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa ameandika The House of Rust, iliyotoka mwaka wa 2021, ambamo binti Aisha anaingia baharini kumtafuta baba yake mvuvi, katika mashua ya mifupa, pamoja na paka anayesema. Mwaka wa 2022 kitabu hicho kilikuwa cha kwanza kabisa kupata Tuzo ya Ursula K. Le Guin. Wavuvi wa Dunga wanaolijua ziwa linavyoweza kummeza mtu hawatashangaa kwamba binti alikataa kukaa ufuoni kulia.

Wanaosema hawana muda, kipo Orbital cha Samantha Harvey, kilichopata Tuzo ya Booker mwaka wa 2024. Ni chembamba, hakifiki kurasa 150. Watu sita wako angani katika chombo kinachoizunguka dunia mara 16 kwa siku moja, kwa hiyo wanaona jua likichomoza mara 16. Hakuna vita wala hatari. Lakini mmoja wao, Mjapani, anapata habari huko juu kwamba mama yake amefariki, na hawezi kushuka. Kwetu sisi, ambao mtu huuza ng'ombe ili asikose mazishi ya mama, kifungu hicho kinachoma.

Na sasa nalivunja sharti langu. Orodha yangu imejaa Kiingereza, na jambo hilo linanihuzunisha. Mwaka wa 2025 Tuzo ya Kimataifa ya Booker ilikwenda kwa Heart Lamp, hadithi fupi 12 za Banu Mushtaq, mwanasheria wa kusini mwa India, kuhusu maisha ya wanawake wa Kiislamu. Aliziandika kwa Kikannada, lugha ya jimbo lake, na Deepa Bhasthi akazitafsiri. Ulimwengu ulimfuata alipo. Kiswahili chetu nacho kina tuzo yake, ya Safal-Cornell, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, na miswada iliyoshinda humo ni kazi za watu wazima kwa watu wazima: Mmeza Fupa, riwaya ya Ali Hilal Ali, na diwani ya Dotto Rangimoto iitwayo Mwanangu Rudi Nyumbani, zote washindi wa mwaka wa 2017, kisha riwaya ya Zainab Alwi Baharoon, Mungu Hakopeshwa, mshindi wa mwaka wa 2018. Zilishinda kabla ya mwaka niliouweka, lakini kwa wengi wetu ni mpya kabisa, kwa kuwa hazijawahi kuwa vitabu teule na kwa hiyo si rahisi kuzikuta katika maduka yetu. Muulizeni muuza vitabu wenu aziagize. Akiulizwa na watu kumi ataziagiza. Na wewe kijana uliyetahiniwa kwa Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, kama hujaiuza, usiiuze. Isome tena bila kalamu mkononi, uone ilivyo tofauti.

Kwa watoto nina kimoja, na hapa nalivunja sharti langu tena. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuaga Mei 28, 2025, aliandika kwa Kikuyu kisa kifupi cha jinsi mikono na miguu ilivyogombana hadi binadamu akasimama wima. Kundi la waandishi la Jalada lilikichapisha mwaka wa 2016 pamoja na tafsiri za lugha nyingi, ambazo sasa zimepita 100, Kiswahili kikiwemo, na kinapatikana bure kwenye intaneti. Msomee mtoto wako kwa Kiswahili leo, kesho mwambie akusimulie kwa lugha ya nyanya yake. Hatavalishwa kibao.

Najua swali mlilo nalo ni la pesa. Vitabu ni ghali, na serikali huvitoza kodi ya VAT ya asilimia 16 kama bidhaa nyingine. Hata hivyo akina mama walio humu wanajua kuendesha chama. Watu watano wakichanga, kila mwezi kitabu kimoja kikanunuliwa na kuzungushwa kama tunavyozungusha pesa, kwa mwaka mmoja kila mmoja amesoma vitabu 12 kwa gharama isiyozidi ya viwili au vitatu. Yule mwanafunzi wangu wa Kibuye ameahidi kuwa mmoja wa watano wangu. Nilimpelekea Peponi mwezi uliopita, nikamwambia hakuna swali litakaloulizwa. Juzi alinipigia simu usiku, saa tatu na nusu, hakunisalimu hata. Aliuliza: "Mwalimu, huyu Yusuf, baba yake alikuja kumkomboa?"

Nimekataa kumjibu. Nakala tatu ziko pale mezani kwa mkutubi, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tutakutana hapahapa kuisoma sura ya kwanza kwa sauti, kila mtu ukurasa mmoja. Asanteni sana.